Kitovu Kilichohama

Kwanza ulisikika mngurumo. Ulitoka chini kwa chini, mrefu, wa kujikokota, mfano wa pipa tupu linaloviringishwa juu ya mawe. Ukapanda, ukakatika, kisha ukamalizikia kwa kijisauti chembamba kama cha paka aliyekanyagwa mkia. Abdulghafur, aliyekuwa barazani kwake ng'ambo ya kichochoro na kikombe cha kahawa mkononi, aliinua uso kutazama mbingu ya mtaa wa Kibokoni. Hapakuwa na wingu hata la dawa.

"Badru!" akaita. "Ni pikipiki hiyo, ama ni wewe?"

Ndani ya duka la achari, nyuma ya mitungi ya embe, ndimu na pilipili, Badruddin alikuwa amelikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayemziba mdomo mtoto mtukutu mazikoni. Mbele yake alisimama bibi mmoja aliyekuja kununua achari ya ndimu. Bibi yule alitazama dari, akatazama sakafu, kisha kwa adabu zake akakazia macho mtungi.

"Ni friji," Badruddin akasema.

"Friji si ilikufa mwaka jana, bosi?" akauliza Dama, mfanyakazi wake, bila kuinua macho kwenye embe alizokuwa akikata.

Bibi alichukua achari yake akaenda zake haraka. Barazani kwa Abdulghafur kicheko hakikuisha mpaka kahawa ikapoa.

Tumbo la Badruddin lilikuwa limefunga. Tangu Ijumaa, alipoinua mtungi mkubwa peke yake ili kumwonyesha Dama kwamba uzee haujamfikia, hakuwa amepata choo cha maana. Chakula kiliingia, hakikutoka. Alikunywa haluli ya kuendesha tumbo, akanywa majani ya sanamaki, akanywa maji ya ukwaju mpaka meno yakaingia ganzi. Tumbo likamjibu kwa maneno tu, bila vitendo. Daktari alimpima, akambonyeza huku na huku, akamwambia hana ugonjwa: anywe maji, atembee, apunguze kukaa. Badruddin alitoka pale amekasirika. Mtu wa makamo yake, mwenye duka lake na jina lake mjini, hawezi kuambiwa kwamba ugonjwa wake ni kiti.

Yeye aliujua ugonjwa wake. Kitovu kimehama.

Marehemu mama yake alikuwa na elimu hiyo, ya wazee wao wa Gujarati. Alimlaza mgonjwa chali sakafuni, akachukua uzi, akapima kutoka kitovuni hadi kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha cha mguu wa kushoto. Vipimo vikilingana, mgonjwa ni mwongo, na arudi chuoni kusoma Kurani. Vikipishana, kitovu kimetoka mahali pake kikayaburura matumbo yote nyuma yake, na dawa ni kuvutwa kidole gumba mpaka mtu apige ukelele. Badruddin alikuwa amepiga ukelele mara nyingi utotoni, na kila mara alipona.

Aliyemcheka waziwazi ni Lubaba, binti wa marehemu nduguye, aliyelelewa humo humo nyumbani. Lubaba alisomea mambo ya viungo, na kazi yake ilikuwa kuwanyoosha wagonjwa katika kliniki moja kule Tononoka. Kila Alhamisi, baada ya Alasiri, aliwafundisha yoga wanawake wa mtaani juu ya paa la nyumba. Hapo ndipo penye vita. Paa lilikuwa moja na jua moja. Badruddin alilitaka lote aanike vipande vya embe, maana msimu umeiva na achari haifanywi kwa embe zenye maji. Lubaba alilitaka kwa mikeka yake, maana Kibokoni nzima hapakuwa na mahali pengine ambapo wanawake wangeweza kuvua rida na mabuibui, wakarusha miguu juu bila mwanamume kuwaona.

Adhuhuri ile ya Jumatatu, duka lilipofungwa, Badruddin alilala chali nyuma ya kaunta akadai kupimwa. Mkewe, Bi Shahnaz, akashika uzi. Kipimo cha kushoto kilipungua upana wa kidole.

"Mwaona?" Badruddin akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Kimehama! Kimekwenda kushoto!"

"Sawa, Ami," Lubaba akasema. "Sasa mpime jirani."

Abdulghafur, asiyekosa tamasha hasa likiwa la bure, alikuwa keshavuka kichochoro. Akajilaza na kanzu yake. Badruddin akampima mwenyewe, ulimi nje kwa makini. Kipimo cha kulia kilipungua.

"Lo! Hata mimi?" Abdulghafur akashtuka. "Na kila alfajiri naenda kama mtu mwenye miadi!"

"Inuka, ulale tena," Lubaba akamwambia.

Akainuka, akalala tena. Safari hii kilichopungua ni cha kushoto. Badruddin aliutazama ule uzi kama ndugu aliyemtolea ushahidi wa uongo.

"Basi mtaa mzima vitovu vimehama," Abdulghafur akasema akijipangusa vumbi, "na mtaa wenyewe uko pale pale."

Lubaba akachuchumaa karibu na ami yake. Alikuwa na macho ya kucheka, lakini sauti aliishusha.

"Ami, kitovu ni kovu tu. Hakina pa kwenda. Vinavyotembea ni vya ndani, navyo vimeumbwa vitembee. Hapa chini ya mapafu kuna msuli uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Ukivuta pumzi unashuka, unalisukuma ini, ini linateremka, figo zinasogea, matumbo yanapishana. Yote yamelowana, yanateleza kama embe zako ndani ya mafuta. Ukitoa pumzi, yanarudi. Mchana kutwa, usiku kucha. Na matumbo yenyewe yana mwendo wao wa kusukuma chakula. Lakini wewe unakaa umejikunja hapo kitini toka asubuhi, mkanda umekaza, pumzi zinaishia kooni. Humo ndani mambo yamekaa kama feri iliyozima injini."

"Kwa hivyo wataka niruke ruke?"

"Nataka ulale upumue mpaka tumbo liinuke. Ukumbatie magoti. Ujipinde kulia, ujipinde kushoto, polepole."

"Mbele yako? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, na ulikuwa ukijipinda vizuri siku zile."

Dama alicheka, akajifanya anakohoa. Ndipo Badruddin, kwa hamaki ya mtu aliyelala sakafuni na watu wamesimama, akatoa neno lililomtia mashakani.

"Haya, tuwekeane! Tumbo langu likifunguka kwa hayo mazoezi yako kabla jua la Alhamisi halijatua, paa ni lako. Lisipofunguka, mikeka yenu ishuke isipande tena, na embe zangu zitandazwe ukuta kwa ukuta."

"Na nani atakuwa shahidi?" Lubaba akauliza.

"Tumbo lenyewe," Abdulghafur akasema. "Lile halijui kunong'ona."

Wote walicheka isipokuwa Bi Shahnaz. Yeye aliuviringa uzi kidoleni polepole, akautia mfukoni, akaenda zake jikoni.

Jumanne Badruddin alikataa mazoezi mbele ya watu. Jumatano pia. Lakini nyuma ya mitungi, pasipokuwa na mteja, alilegeza mkanda akavuta pumzi kama alivyoambiwa, mpaka tumbo likainuka na kugonga kaunta. Akatoa. Akavuta tena. Kitu fulani humo ndani kilisogea, kwa aibu, kama mtu anayepanga upya vyombo kabatini. Badruddin akashtuka. Kisha akatabasamu, na lile halikuwa tabasamu jema. Kumbe mazoezi yana kazi! Basi atayafanya kwa siri, tumbo lifunguke, halafu aseme ni sanamaki. Nani atabisha? Atapata choo chake, na paa abaki nalo.

Alhamisi, baada ya Adhuhuri, alimwambia Dama anakwenda kugeuza embe, akapanda paani peke yake. Vipande vya embe vilikuwa vimetandazwa nusu ya paa, vinang'aa juani. Pembeni, ukutani, palikuwa na turubai aliloliwamba kukinga mitungi tupu na magunia dhidi ya mvua na kunguru. Badruddin aliingia chini yake, akaliteremsha mpaka sakafuni majirani wasimwone, akalala chali juu ya magunia.

Akapumua. Akakumbatia magoti. Upepo ukamtoka kwa kishindo, akasema "samahani" ingawa hapakuwa na mtu. Akajipinda kulia, uti wa mgongo ukalia kama bawaba, akajipinda kushoto. Raha iliyomwingia hakuitarajia. Alinyoosha miguu, akafumba macho apumzike kidogo tu, na tangu Ijumaa ilikuwa mara ya kwanza kulala usingizi wa kweli.

Alizinduliwa na miguu. Miguu mingi, peku, laini, ikikanyaga sakafu hatua chache kutoka kichwani pake. Na vicheko. Na mchakacho wa nguo zinazovuliwa na kuning'inizwa ukutani.

Alasiri imempita! Akafumba macho kwa nguvu, na kwa kuhofia kwamba kufumba hakutoshi, akaivuta kofia yake ya uzi wa dhahabu ikafunika uso mzima. Mlango wa ngazi ulikuwa ng'ambo ya pili ya paa, na kati yake na mlango huo walikuwako wake na binti za watu wa Kibokoni, bila rida, bila buibui. Akitoka, kesho hatakuwa na jina. Asipotoka, itambidi awe gunia.

Akawa gunia.

"Mwalimu," ilisema sauti nzito ya Bi Munazza, mke wa jirani wa nyuma, "leo tujipinde kwelikweli. Tulikamue ini, sumu yote itoke."

"Ini si kitambaa, Bi Munazza," Lubaba akajibu. "Halikamuliwi. Linasafisha lenyewe, hata ukiwa umelala. Sisi tunajipinda mgongo ulainike na pumzi ipate nafasi ya kupita. Hayo mengine waachie wauza dawa."

"Sasa mbona mimi nahisi limekamuka?"

"Hizo ni biriani zako," ilisema sauti nyingine, na wanawake wakaangua kicheko.

Badruddin chini ya kofia alitoa macho. Sauti ile aliijua. Alikuwa akiisikia kila asubuhi ikimwita chai. Shahnaz! Shahnaz ambaye kila Alhamisi huenda kwa dada yake Ganjoni!

"Chekeni, chekeni," Bi Shahnaz aliendelea, "mana huenda leo ndiyo mwisho. Yule mzee wangu tumbo lake limekuwa bandari ya Kilindini siku ya mgomo. Makontena yaingia, hakuna linalotoka."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaanza kupiga kwikwi. Badruddin aliungua masikio. Kumbe tumbo lake limekuwa habari ya mji!

Kisha mkewe akasema tena, na safari hii hakuwa akitania. "Mimi, jamani, sijui nitakwenda wapi. Magoti yangu yalikuwa yananiliza ngazini, sasa nashuka kama msichana. Usiku nalala. Na hii pumzi ya hapa juu, kule chini sina. Kule chini ni harufu ya siki na mtu mmoja ananguruma."

Chini ya kofia Badruddin akakumbuka. Ni kweli, mkewe siku hizi haguni usiku akigeuka. Yeye alidhani ni chai yake ya tangawizi, na alikuwa amejisifia barazani.

"Basi tumwombee," Bi Munazza akasema. "Ewe Mola, mfungue Badruddin."

"Amin!" wakaitikia wote.

Na tumbo likaitika.

Lilianzia chini upande wa kulia. Badruddin alilisikia likipanda hadi mbavuni, pale Lubaba alipomwonyesha kuwa ini linakaa. Likakata kona, likavuka chini ya kifua kwenda ng'ambo ya pili, likateremka kushoto kama mgeni aliyeonyeshwa njia na sasa anaijua. Mngurumo wake ulikuwa ule ule wa pipa juu ya mawe. Ila safari hii pipa halikuwa tupu.

"Paka?" mtu akauliza.

"Paka gani wa ukubwa huo?"

Lubaba alilitazama turubai. Halafu akapiga makofi. "Jamani, leo tunaanzia mwisho. Laleni chali. Chukueni rida zenu mjifunike gubigubi, na nyuso pia. Mtu asijifunue mpaka niseme."

"Kwa nini na nyuso?"

"Kuna inzi wa embe."

Mikeka ikachakarika, kisha pakawa kimya. Hatua zilikuja hadi kwenye turubai, ncha yake ikainuliwa.

"Ami," Lubaba akanong'ona.

"Naam," kofia ikajibu.

"Umefanya mazoezi?"

"Sikufanya."

Tumbo likanguruma kwa kirefu.

"Shahidi anakukana, Ami."

"Lubaba, mwanangu, nipishe. Nakwisha."

"Macho?"

"Nimeyafumba tangu nizaliwe!"

Lubaba akamshika mkono wa kanzu, akamtoa. Badruddin alipita kati ya wake za watu kama kipofu aliyebeba mayai, magoti yamebanana, kofia usoni, kipande cha embe kimemganda ndevuni. Mguu wake ulitua juu ya kitu laini chenye kuteleza, akajua amekanyaga mali yake mwenyewe. Hakusimama. Walipofika mlangoni, kutoka chini ya rida mojawapo ikatoka sauti tulivu.

"Shika ukuta, Badru. Kile kidato kilichovunjika hujakitengeneza bado."

Aliteremka kwa mwendo ambao duka lile halikuwahi kuuona kwa mwenyewe. Alimpita Dama jikoni, Dama akainua ndoo kumpisha, na mlango wa choo ukafungwa kwa kishindo.

Yaliyotokea humo ni baina yake na Mola wake. Lakini nyumba za kale zina vidirisha, na kidirisha cha choo kile kilipeleka sehemu ya siri hadi paani, na sehemu nyingine hadi kichochoroni. Huko chini, Abdulghafur alisimama barazani kwake akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Shahidi amesema! Alhamdulillahi, shahidi amesema!"

Badruddin alikaa humo, jasho likimtiririka, mwepesi kama aliyetua mzigo wa gati zima. Alivuta pumzi. Ilishuka. Ilishuka mpaka mahali ambapo hakujua kuwa pumzi hufika, na kila kitu ndani yake kikaipisha kwa heshima, kisha kikarudi mahali pake. Alijigusa kitovu. Kilikuwa pale pale.

Nje ya mlango pakawa na mchakacho wa nguo, wa watu wengi wanaojaribu kutosikika.

"Ami?" ilikuwa sauti ya Lubaba. Kicheko kilikuwamo, lakini na hofu ya kulipoteza paa ilikuwamo pia. "Imekuwaje? Ni mazoezi, au ni sanamaki?"

Jibu alikuwa nalo tayari ulimini tangu Jumatano. Neno moja tu, na paa lote ni lake, ukuta kwa ukuta, na nani angeweza kuapa kinyume? Akafungua mdomo alitoe. Na hapo, nyuma ya mlango, karibu zaidi kuliko wengine, akamsikia mtu anavuta pumzi ndefu na kuizuia, asiitoe.

Alimjua ni nani.

"Lubaba!" akaita, na choo kikamkuzia sauti kama kipaza sauti cha harusini. "Na wewe Shahnaz wa Ganjoni, najua uko hapo, pumua! Haikuwa sanamaki. Nilijipinda kulia nikajipinda kushoto, na dau nimeshindwa. Kuanzia leo paa ni lenu kila Alhamisi, na siku yoyote mtakayoitaka. Embe zangu nitaziondoa mwenyewe kabla ya Alasiri, kwa mikono yangu hii, kidato cha ngazi nitakitengeneza kesho asubuhi, na wallahi nakuahidini, mbele ya Dama na ndoo yake, mbele ya Abdulghafur na mdomo wake, sitakanyaga ngazi ile tena mpaka nipige hodi na mniitikie karibu!"